Swali la Sita Kuhusu Namba 41

9 Februari

Kwako mwanangu,

Habari za huko na za mkeo. Sisi tuko, hatulalamiki sana. Goti la baba yako bado linamsumbua. Anashinda dirishani akihesabu magari yanayopita, na jioni ananipa jumla kana kwamba nimemwajiri. Jana yalikuwa thelathini na mawili. Anakusalimia, anasema umekonda kwenye ile picha.

Magunia yamefika, manne, ya kilo hamsini hamsini. Nimepima mwenyewe, moja lilikuwa na arobaini na tisa na nusu. Ndani ya gunia la kwanza nikakuta karatasi: "Aina Namba 41. Ngano ya kupandwa baridi inapoisha. Mavuno mazuri, shina imara." Basi. Hata dawa ya kikohozi huja na maelezo marefu kuliko hayo.

Hali yangu unaijua, lakini ninaiandika ili iwemo kwenye faili. Kiwanda cha unga kimenikatalia ngano mara mbili mfululizo. Mwaka juzi ililala kwa upepo, mwaka jana ikaliwa na ugonjwa wa kutu, na mara zote mbili punje zilitoka nyembamba kama kucha za mtoto mchanga. Bwana wa mapokezi aliniambia bila kupepesa macho: "Mama, ya tatu tunakufuta kwenye orodha." Nikifutwa nitauzia wafuga kuku, na ekari nane za ngano ya kuku hazilishi nyumba hii. Shamba hili sikurithi. Marehemu baba yetu alimwachia baba yako shamba, mimi aliniachia sufuria. Lake aliliuza, mimi nikanunua hili la mawe ambalo hakuna aliyelitaka, nikayatoa mawe kwa toroli miaka minne. Sasa yeye anahesabu magari kwenye dirisha langu. Simsemi, ninakumbusha tu.

Kwa hiyo, Profesa, nina maswali sita. Ina kimo gani? Inachukua siku ngapi mpaka kuvunwa? Kutu inaiweza? Kilo ngapi kwa ekari? Niifukie kina gani? Na la sita: ikishakomaa, mvua ikaiwahi kabla ya mashine, inakuwaje?

Usinipigie simu ya dukani. Mwenye duka anasikiliza kuliko mimi, na maneno ya simu hayaingii kwenye faili.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi magunia yamefika salama. Mke wangu hajambo, anaingia mwezi wa tano sasa na amekataza mtu yeyote kupika vitunguu ndani ya nyumba. Ofisi yetu imepakwa rangi upya, harufu yake inaniumiza kichwa, nafanyia kazi kwenye korido. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa mbegu anastaafu mwisho wa mwaka. Watu wananisalimia vizuri kuliko zamani. Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Mwambie baba sijakonda, ni shati.

Namba 41 ni fupi, sentimita themanini hadi themanini na tano. Ile yako ya zamani inafika mia na kumi, ndiyo maana inalala. Kuna ngano zinazodai miezi ya baridi kali ndipo zitoe masuke, hii haidai. Unaipanda baridi inapoondoka, mara tu trekta inapoweza kuingia bila kuzama, na siku ya mia na tano iko tayari. Ukichelewa wiki mbili inakimbilia kuzaa kabla haijajijenga, utapoteza gunia tatu kwa ekari. Kutu ya shina haiigusi. Kutu ya majani huja kidogo, mwishoni, wakati punje zimeshajaa. Ifukie sentimita nne, isizidi tano, kwa sababu mche wake ni mfupi na ukizikwa sana hautoki. Mbegu ni kilo hamsini kwa ekari. Punje elfu moja zina gramu arobaini na mbili, kwa hiyo ni karibu punje mia tatu kwa mita ya mraba. Kila mche huongeza machipukizi matatu hadi matano pembeni, lakini usiyategemee hayo.

Magunia manne ni ya ekari nne tu, Shangazi. Nne nyingine panda ngano yako ya kawaida tupate kulinganisha. Shamba lako ni moja kati ya sita ya wakulima ambayo kamati ya mbegu itayaangalia Septemba kabla ya kuipitisha aina hii. Mkaguzi atapita. Niandikie umepanda lini na ekari ngapi.

Nina haraka, wananiita.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mkeo yuko sahihi kuhusu vitunguu, mwache. Goti la baba yako limepata nafuu kidogo, sasa anahesabu magari akiwa amesimama.

Nimepanda tarehe kumi na moja. Udongo ulikuwa unakatika vizuri mkononi, haunati, haujakauka. Dereva wangu wa trekta ni yule wanayemwita Gia Mbili, kwa sababu hajawahi kuonekana akitumia ya tatu. Kazi aliyoahidi kuimaliza asubuhi akaimaliza magharibi. Nilitembea nyuma ya mashine nikifukua kila hatua hamsini na rula mkononi: sentimita nne, nne, nne na nusu, nne. Umeuliza ekari. Mbegu yote imeingia ardhini, punje ya mwisho ilidondoka kwenye kona ya mwisho. Zile hesabu zako za machipukizi nimezipenda sana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Baba yako akaniuliza, "Unatafuta nini humo?"

Nikamwambia, "Jibu la sita."

"Labda limeanguka njiani."

"Bahasha ilikuwa imefungwa."

"Basi hajaandika," akasema, akarudi kwenye magari yake.

Maswali sita, majibu matano. Mvua, mwanangu. Ikikomaa ikanyeshewa.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa siku sita mezani kwa katibu muhtasi chini ya kopo la rangi. Tumehamia nyumba iliyo karibu na kituo, vyumba viwili na kibaraza. Usiku nasikia mashine ya kusafishia mbegu ikiunguruma, sipati usingizi mzuri.

Mkaguzi amepita kwako akasimama barabarani. Amesema Namba 41 imeota kama imechorwa kwa rula, hajaona shamba zuri kama hilo mwaka huu. Hakuingia ndani, alikuwa na mashamba mengine. Hakuona ngano yako ya zamani iko upande gani. Uliipanda?

Mbolea ya kukuzia igawe mara mbili. Nusu ya kwanza sasa, nusu ya pili utakapopapasa shina na kuhisi kifundo cha kwanza. Ukiimwaga yote sasa utapata majani ya kupiga picha na punje haba. Magugu yaondoe kabla mche haujafunika ardhi.

Kuhusu mvua, takwimu tulizo nazo zinaonyesha kwenu mwezi wa sita ni mkavu kwa kawaida.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Mkeo anaendeleaje? Hukumtaja hata kwa neno moja, ila umetaja mashine ya kusafishia mbegu.

Ngano yako nitaisema vizuri kwa sababu inastahili. Tarehe ishirini na tisa upepo ulipiga ukang'oa bati tatu za ghala. Asubuhi nikaenda nikijua nitakuta mkeka. Hakuna shina lililolala hata moja. Jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro ya kwake imelala kama imekanyagwa na ng'ombe, na kutu imeanza, ukipita unatoka na suruali ya rangi ya machungwa. Yangu nimekagua majani mia mbili, nikapata madoa kwenye saba. Nimepima kimo mahali ishirini, wastani themanini na tatu. Umesema kweli kwa yote uliyoyasema.

Sasa yale usiyoyasema. Eti kwa kawaida ni mkavu. Mimi nina daftari. Katika miaka kumi, mvua imenyesha mwezi wa sita miaka minne, na mara mbili ilinyesha siku tatu bila kukatika. Hiyo ndiyo kawaida yetu. Umeulizwa mara mbili, hii ni ya tatu.

Halafu kuna jambo la jirani. Si yule wa mtaro, mwingine. Amepanda ngano, amepanda nyembamba kidogo, na sasa masuke makubwa yameshatoka lakini chini kunatokea machipukizi mapya ya kijani, kila siku mapya. Ananiuliza afanyeje. Mimi sina la kumwambia, ndiyo maana ninakuuliza wewe msomi.

Silali vizuri hata mimi. Ninalizunguka shamba asubuhi na jioni, hatua elfu moja na mia saba kila mzunguko. Baba yako anasema nitalichimbia mfereji.

Shangazi yako

24 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mke wangu hajambo, mtoto anacheza sana. Nisamehe kwa kutomtaja. Siku hizi narudi nyumbani nakaa, nasimama, nakaa tena, mpaka ananiuliza kama kiti kina misumari.

Mwambie jirani yako kwamba alibana mbegu, yaani alitumia chache mno. Mche ukipata nafasi kubwa unajaza kwa machipukizi, na hesabu ya masuke inaweza kutimia kabisa kwenye karatasi. Lakini machipukizi ya mwisho hukomaa siku tisa hadi kumi na mbili baada ya shina mama. Atakuwa na shamba lenye ngano iliyoiva na ngano mbichi kwenye mstari mmoja. Akisubiri mbichi iive, iliyoiva inasimama juani inangoja balaa. Avune kwa kuangalia masuke makubwa, mbichi azitoe kwa chekeche. Mwambie asisubiri, tafadhali. Mwambie ninasisitiza.

Mkuu wa kituo ameniita jana. Amesema kamati ikiipitisha Namba 41 Septemba, suala la nani atamrithi halitakuwa na mjadala. Aliniwekea mkono begani. Nilitoka pale nikatembea mpaka kwenye vitalu na kurudi, sikumbuki nilikwenda kufanya nini.

Kuna jambo lingine nitakuandikia kwa barua ya peke yake.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Siku kumi na tisa. Barua ya peke yake haijafika. Nimemuuliza mtu wa posta mara tano. Mara ya tano amenijibu kabla sijafungua mdomo.

Masuke yamegeuka rangi. Leo ni siku ya tisini na tatu. Nimeuma punje, bado inaacha alama ya jino. Mawingu yanakuja saa tisa, yanakaa, yanaondoka.

Unachonificha kina uzito gani mpaka bahasha ishindwe kukibeba?

Shangazi yako

14 Juni

Shangazi, shikamoo.

Sijui barua hii itakukuta lini. Mimi ningekupigia simu ya dukani, lakini naogopa sauti yako kuliko ninavyoogopa mwenye duka.

Swali lako la sita. Mwaka wa tatu wa majaribio, mvua ilituwahi Namba 41 ikiwa imekomaa. Ilinyesha siku mbili tu. Siku ya nne tulipukuchua masuke, na katika punje kumi, tatu zilikuwa zimechipua humo humo ndani ya suke, vimizizi vyeupe vinaonekana. Ngano nyingine zikikomaa hulala kwanza, hata zikiloa hazishtuki. Hii haina usingizi. Ndiyo kasoro yake, nayo ni moja tu, lakini unga wa punje iliyochipua hauumuki. Ndani ni gundi.

Nilitaka kuiandika. Mkuu akasema ule ulikuwa mwaka wa mvua isiyo ya kawaida, vitalu vile tuvitoe kwenye hesabu. Mimi ndiye niliyevitoa, Shangazi. Kwa kalamu yangu. Ndiyo maana karatasi yako ilikuwa na mistari miwili.

Punje ikifika unyevu wa asilimia kumi na tisa, vuna, ukaushe chini ya paa. Usingoje siku ya mia na tano. Usingoje mkaguzi.

Nisamehe.

29 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika tarehe ishirini na sita. Mvua ilianza tarehe ishirini na moja.

Kaa chini uisome yote. Kama kiti kina misumari, vumilia.

Tarehe kumi na nane, siku ya tisini na tisa, nilikunywa chai nikiwa nimesimama kisha nikatoa barua zako zote nikazipanga mezani. Mtu amenijibu sentimita, gramu na siku, tena bila kukosea hata moja. Mtu huyo huyo nimemuuliza jambo moja mara tatu, akazungumzia takwimu za wingu. Nikamwambia baba yako, "Hii ngano ikinyeshewa imekufa."

Akasema, "Kasema wapi?"

"Hajasema popote. Ndiyo nakwambia."

Nikaenda kumtoa Gia Mbili kitandani. Kipima unyevu kilisoma kumi na tisa na nusu. Akaangalia shamba, akaangalia kile kipimo. "Mama, hii mbichi. Nusu yake majani."

"Washa mashine."

"Nilishakwambia siku ya kupanda kwamba umebana mbegu kama mtu anatia chumvi kwenye chungu cha jirani. Ukaniambia niendeshe."

"Na leo nakwambia hivyo hivyo."

Ndiyo, mwanangu. Yule jirani aliyepanda nyembamba ni mimi, na nadhani ulijua, ndiyo maana ulisisitiza. Ngano ya zamani sikuipanda hata punje. Ningewezaje kurudisha kiwandani ile ile iliyokataliwa mara mbili? Nilichukua kilo zako mia mbili nikazitandaza ekari zote nane. Hesabu ilikuwa sawa: kilo ishirini na moja na kidogo kwa ekari, punje mia na ishirini na saba kwa mita, mara masuke manne, mia tano na nane. Nani angekataa masuke mia tano? Kwamba yatakomaa kwa zamu, hilo halikuwemo kwenye karatasi, na mimi nilikuficha ekari, kwa hiyo hukuweza kuniambia.

Turubai zangu na sakafu ya ghala vinabeba ekari nne. Zaidi ya hapo ningerundika, na ngano mbichi ikirundikwa inashika joto usiku mmoja. Kwa hiyo nilivuna nne za juu, penye udongo haba, ambazo ziliwahi kukauka. Tuligeuza kwa reki kila saa, mimi na Gia Mbili kwa zamu. Baba yako alikaa kwenye kiti mlangoni akifukuza kuku kwa fimbo, na safari hii sikumsikia akitaja gari hata moja.

Nne zilizobaki zimenyeshewa siku nne. Tarehe ishirini na tano jua lilitoka, nikaenda. Kwa mbali zilikuwa nzuri tu. Nilivunja suke mkononi likawa na ndevu nyeupe za mizizi ndani.

Zile nne nilizovuna bado hazijapelekwa kiwandani. Zina punje za kijani, tunachekecha. Hii ni ya tatu, unakumbuka walivyosema. Chakula nakitazama tu.

Mkeo amejifungua? Kwa hesabu yangu bado.

Shangazi yako

9 Julai

Shangazi, shikamoo.

Bado hajajifungua, daktari amesema wiki moja au mbili. Ahsante kwa kuuliza, hata katika hali hiyo.

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye korido, nikarudi ndani, nikatoka tena. Kama kiwanda kitakukatalia, nitakuja niseme mbele yao kwamba kosa ni la mbegu.

Kuna jambo nataka kukushauri, na naomba uniache nilimalize. Fomu ya mkulima wa majaribio itakufikia wiki hii. Jaza ukweli mtupu. Pale penye kiwango cha mbegu andika kilo ishirini na moja kwa ekari. Kanuni ni kwamba shamba lililopandwa chini ya kiwango linaondolewa kwenye hesabu za kamati, lote. Matokeo yake hayasomwi. Hutakuwa umesema uongo hata neno moja, wala mimi sitakuwa nimesema. Aina itapita, na ikishapita nitaongeza maelezo taratibu kwenye toleo la pili la karatasi. Nakuahidi, Shangazi. Mwaka ujao, au mwaka wa kufuata.

Nikipata hiyo nafasi ndiyo nitakuwa na uwezo wa kurekebisha mambo kama haya.

Mwanao

23 Julai

Mwanangu,

Hongera. Baba yako alipopata ile simu ya dukani kwamba ni msichana, alimwambia mwenye duka, na mwenye duka akawa ametangaza kabla hatujafika nyumbani. Kilo tatu na gramu mia mbili ni uzito mzuri. Mwambie mama yake apumzike, na wewe upike, vitunguu au bila vitunguu.

Kiwanda nilikwenda Jumatano. Pale mapokezi kuna mrija wa kioo: wanachanganya unga na maji, wanautia kwenye maji ya moto, halafu wanatumbukiza kijiti na kuhesabu sekunde mpaka kizame. Uji mzito unakishika. Ukiwa wa ngano iliyochipua unakuwa maji, kijiti kinakwenda chini kama jiwe. Wanataka sekunde mia mbili na hamsini. Nilisimama na yule bwana tukiangalia saa ileile moja. Mia mbili ikapita. Mia mbili thelathini kikaanza kuinama, nikashika ukingo wa meza. Kilizama mia mbili sitini na nne. Akaniandikia stakabadhi bila kunitazama: gunia arobaini na tatu, zimepokelewa. Nimebaki kwenye orodha. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi zao muda mrefu, mpaka mlinzi akaniuliza kama namsubiri mtu.

Sasa ushauri wako. Nimeusoma mara moja tu, ulinitosha. Ni ushauri wa mtu mwenye akili, na umenikera tangu hapo mpaka sasa.

Kwanza, utashindwa. Ekari saba nilipanda kwa kubana, ni kweli, lakini moja sikubana. Ile ya kando ya barabara niliipa kilo hamsini, sentimita nne, kila kitu kama ulivyoandika, kwa sababu nilijua mkaguzi wenu hupenda kutazama akiwa kwenye gari. Nilitaka aone rula. Kwa hiyo hesabu niliyokupa si kamili: saba zilizobaki ziligawana kilo mia na hamsini. Na hiyo ekari moja ilikomaa sawasawa, kabla ya zote, bila punje ya kijani. Tarehe kumi na nane ningeanza na hiyo. Sikuanza nayo kwa sababu mkaguzi alituma ujumbe aikute imesimama tarehe ishirini na tatu apime. Nikaiacha kwa ajili yake. Hakuja, kulikuwa na mvua.

Nimepukuchua punje mia za ekari hiyo, zilizochipua ni thelathini na nne. Za chini, nilikobana, ni ishirini na saba, maana mbichi hazichipui upesi. Nilipeleka kidogo kiwandani nikaomba waitie mrijani: sekunde themanini na nane. Ujanja wangu umeharibu ekari tatu, na hilo ni langu. Ile ya nne imeharibiwa na mstari ambao hukuuandika.

Fomu nimeijaza. Ekari saba kwa kilo ishirini na moja na nusu, ziondoeni. Ekari moja kwa kilo hamsini, isomeni. Nakala tatu, kwa mkuu wako, kwa kamati na kwenye faili langu. Nimezituma Ijumaa kwa rejista kabla sijakuandikia wewe, ili usipate nafasi ya kunibembeleza. Najua inakugharimu nini. Nami ningeweza kunyamaza nikauza, nani angejua? Lakini wakulima wengine watano wana magunia kama yangu, na wao hawana mtoto kwenye kituo wa kumhesabia maswali asiyoyajibu.

Sina ugomvi na ngano. Haikulala, haikushika kutu, ikijaa inajaa. Mtu akiambiwa aivune mapema na awe na mahali pa kuikausha, itamfaa. Niwekee kilo mia nne za msimu ujao, nane mara hamsini, sitabana.

Kikao cha kamati ni tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu. Nimesoma kanuni nyuma ya fomu, mkulima wa majaribio anaruhusiwa kuingia na kuzungumza. Nitapanda basi la usiku. Nitakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikiwa na masuke kwenye bahasha. Ukisimama ukasema mwenyewe, hutanisikia hata nikikohoa. Baada ya hapo tutakwenda kwako, nimpakate mtoto.

Shangazi yako